Timu huanza kufia benchi: tunalindaje morali timu inapofungwa mfululizo?

Mleta uzi (Tabora mjini)

Wakuu, salamu kutoka Tabora.

Humu tunajadili sana usajili, mifumo na marefa. Leo naomba tuongee jambo linalotusumbua sisi wenye timu ndogo kuliko hayo yote: timu inapofungwa leo, ikafungwa tena wiki ijayo, na ile inayofuata pia, unafanyaje ili vijana wasikate tamaa? Siisemei timu yenye basi lake na kambi yenye godoro la kila mchezaji. Nazisemea timu za Isevya, Ng'ambo, Kitete na Ipuli, zinazofanya mazoezi saa kumi jioni kwenye uwanja wa shule. Wachezaji wake ni madereva wa bodaboda, mafundi seremala, wanachuo, na vijana ambao msimu wa tumbaku ukipamba moto wanakwenda Urambo na Kaliua kuwasaidia wazazi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mimi ni meneja wa timu ya namna hiyo, na kazi hii naipenda kutoka moyoni.

Natanguliza msimamo wangu: timu huanza kufia benchi, ndipo ugonjwa unahamia uwanjani.

Wale kumi na mmoja wanaoanza, hata wakipigwa tano bila, Jumamosi ijayo wana nafasi ya kujibu. Wa benchi hana pa kujibia. Amefungwa kama wenzake, ametukanwa na mashabiki kama wenzake, na mpira hakuugusa. Anarudi nyumbani na hasira ambayo hana pa kuipeleka. Kesho yake anamweleza kipa wa akiba, kipa wa akiba anamweleza aliyeumia goti, na ikifika Jumanne mna timu mbili zinazovaa jezi moja. Kocha anakuja kugundua mwezi mzima umepita, na muda wote huo alikuwa akihangaika kubadilisha viungo.

Ukitaka kuipima timu yako, siku mkifunga bao usimwangalie mfungaji. Geuka uangalie benchi. Wameruka wote? Yupo aliyebaki amekaa, anajifanya kufunga kamba za viatu? Mtunza vifaa naye vipi? Huyo ndiye anayejua mapema kuliko sisi sote, kwa sababu mbele yake vijana hawajizuii. Mimi dalili nyingine huzisoma kwenye gari. Tukitoka Nzega au Igunga tumefungwa, vijana ambao bado ni timu watabishana njia nzima kuhusu penalti tuliyonyimwa. Ubishi ule ni uhai. Gari likiwa kimya tangu tunapanda, kila mmoja kainamia simu yake, hapo ndipo naanza kuogopa.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa nyumbani. Rhino Rangers waliposhuka mwaka 2014, mkoa wetu ulikaa miaka tisa bila timu ya Ligi Kuu. Mwaka 2023 tukaipata Tabora United, iliyotokea Kilimanjaro kwa jina la Kitayosce. Mechi yake ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, Agosti mwaka huo, ilikuwa Chamazi, Dar es Salaam, dhidi ya Azam, na kwa sababu ya mambo ya usajili wakaingia uwanjani wachezaji wanane tu. Kabla ya dakika ya 20 walikuwa wameshafungwa manne, wengine wakaumia, idadi ikashuka chini ya saba, na sheria za mpira haziruhusu mchezo kuendelea hapo. Mechi ikavunjwa. Nchi nzima ilicheka. Mimi nilikuwa naangalia kwenye kibanda umiza nikasikia watu wa Tabora, wa hapa hapa, wakisema timu hiyo irudishwe ilikotoka.

Timu ile haikushuka. Msimu ule walihangaika hadi kwenye mechi za mchujo na wakabaki Ligi Kuu. Halafu Novemba 7, 2024, pale pale Chamazi, wakaifunga Yanga 3-1. Kutoka kuchekwa na nchi nzima mpaka usiku ule haikutimia hata miaka miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia timu ikishadhalilika haiinuki tena, namwambia atazame Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora.

Sasa nieleze tunachokifanya sisi, maana hadithi za wakubwa peke yake hazimsaidii mwenye timu ya mtaa.

La kwanza ni orodha ya kikosi. Mchezaji anayeachwa asijue habari zake kwenye kundi la WhatsApp. Ijumaa, kabla orodha haijatoka, kocha anamwita pembeni na kumwambia ana kwa ana: kesho huanzi, sababu ni hii. Na sababu iwe sababu kweli. "Unapanda vizuri lakini unachelewa kurudi, na winga wao ana mbio" ni sababu. "Ni mbinu tu za mwalimu" ni kumfukuza mtu kwa adabu. Akimaliza kumpa sababu amwambie pia anachotaka kukiona ili arudi. Kijana atauvumilia ukweli mchungu. Kinachomla ni kubaki anabahatisha, kwa sababu akibahatisha ataishia kuamini kwamba kocha ana ndugu yake kwenye timu.

La pili ni chakula. Naona wengine watalidharau hili, lakini mimi nitalishikilia. Kuna timu niliiona kwenye safari moja ya Sikonge, kikosi cha kwanza kinakula wali nyama ndani, wa akiba wako nje na chai na maandazi. Kipindi cha pili walitaka kubadilisha wachezaji wawili, na wale walioinuka waliinuka kama watu wanaokwenda kulipa faini. Kama hela inatosha nyama ya watu kumi na mmoja tu, basi watu wote ishirini wale wali maharage. Hakuna hotuba itakayoziba pengo la sahani.

Majeruhi je? Timu nyingi zikipata majeruhi zinamsahau mpaka apone, na akipona anarudi akiwa mgeni. Kwetu anakuja mazoezini vile vile. Anashika filimbi, anahesabu muda, anaandika. Mwenye goti bovu ana macho mazuri. Tulikuwa na beki wa kulia aliyekaa nje muda mrefu, akapewa daftari afuatilie kona tunazopigiwa. Ni yeye aliyetuonyesha kwamba mabao mengi yalitoka nguzo ya karibu, kwa sababu watu wetu wote walikuwa wanamkimbilia mrefu wa katikati. Tangu siku hiyo wachezaji wanamwita mwalimu, na yeye mwenyewe akaacha kuzungumzia habari za kuondoka.

Kuhusu kona hizo nina la ziada. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza: kufanikiwa yeye mwenyewe, kumwona mtu wa kiwango chake akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zake. Kati ya hivyo, chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Sisi viongozi wengi tumeng'ang'ania cha tatu. Tunahubiri. "Vijana jiaminini, vijana pambaneni!" Wajiamini kwa lipi, na tangu mwezi uliopita hawajaona jambo lolote likiwaendea sawa? Ndiyo maana timu ikiwa kwenye kipindi kibaya, mazoezi yetu yanachukua kitu kimoja kinachoweza kurekebishika ndani ya wiki. Tulichukua kona. Wiki nzima kona. Jumamosi tukafungwa tena, moja bila, lakini hakuna kona iliyoingia, na kocha akalisema hilo mbele ya wote. Niliona nyuso zikibadilika. Walikuwa wameahidiwa kitu, wamekifanya, na kimetokea.

Mara tu baada ya kufungwa, msihutubie. Damu bado inachemka na kila neno linasikika kama lawama. Gaweni maji, tazameni walioumia, hakikisheni kila mtu ana nauli ya kumfikisha kwao. Mazungumzo ni Jumanne.

Nimalizie na jambo ambalo limezika timu nyingi kuliko kipigo chochote: tuhuma za kuuza mechi. Timu ikipoteza tatu tu, utasikia kipa kapewa hela. Nani kasema? Watu. Watu gani? Watu tu. Kwetu tumekubaliana hadharani: mwenye ushahidi aulete kwa uongozi na tutaushughulikia bila kumwonea mtu haya, na asiyekuwa nao anyamaze, awe mfadhili au awe mzee wa mtaa. Pamoja na hilo kuna suala la waganga. Mnanielewa. Hela inachangwa usiku wakati vijana hawana maji ya kunywa mazoezini, halafu anarudi mtu na habari kwamba "ndani ya timu yupo anayewafunga". Baada ya hapo nani atampasia nani kwa moyo mweupe? Dua ya pamoja, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa imani yake, hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu haimtengi mtu.

Wengi humu mnaikumbuka Zambia ya 2012. Aprili 27, 1993 ndege ya timu yao ilianguka baharini Gabon, wachezaji 18 wakafa, na mwaka uliofuata timu iliyojengwa upya ikafika fainali ya Afrika na kufungwa na Nigeria 2-1. Mwaka 2012 wakarudi fainali kule kule Gabon, mjini Libreville, dhidi ya Ivory Coast iliyokuwa na akina Drogba. Beki wao Joseph Musonda akaumia mapema tu, akatoka analia. Zambia walishinda kwa penalti 8-7, na kocha Hervé Renard akamnyanyua Musonda mikononi, akambeba mpaka walipokuwa wenzake wanashangilia. Usiku wa ubingwa, wakati kila kamera inamtafuta, kocha alimkumbuka aliyekaa nje. Kwangu mimi ile ndiyo kazi ya uongozi wa timu.

Karibuni mchangie. Hasa wenye uzoefu wa Kigoma, Shinyanga na kwingineko.


Mwana Kibirizi (Kigoma)

Mkuu umeandika vizuri, lakini naomba nikupinge bila kukuvunjia heshima. Morali ni hela. Hapa kwetu Mashujaa ni timu ya jeshi. Walipanda Ligi Kuu 2023 kwa kuwatoa Mbeya City kwenye mchujo, na Aprili 2024 wakaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa penalti hapa Uwanja wa Lake Tanganyika. Wale vijana hawana mawazo ya kula yao. Njoo sasa kwenye timu za huku mwaloni. Wachezaji wangu karibu wote ni wavuvi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, hakukuwa na dagaa wala mgebuka, mfadhili wetu ni mwenye mitumbwi naye hana kitu, vijana wakatawanyika kutafuta vibarua. Ningewaita pembeni niwaambie nini?


Mleta uzi

Mkuu wa Kibirizi, nashukuru sana, na uliyoyasema kuhusu ziwa ni mazito. Hela sikuipuuza. Ila hoja ya jeshi ina upande wa pili: Rhino Rangers wetu nao walikuwa timu ya jeshi. Walipanda, wakacheza msimu mmoja wa 2013/14, wakashuka. Kwa hiyo mshahara unamweka mchezaji mazoezini, lakini peke yake haumfanyi amkimbilie mwenzake aliyepoteza mpira.

Kwenye hali kama ile ya ziwa kufungwa, kinachoumiza zaidi ya kukosa hela ni ahadi. "Subirini kidogo, Ijumaa tutakaa sawa." Ijumaa inafika, kiongozi kazima simu. Tarehe za kufungwa na kufunguliwa zilijulikana mapema. Hapo mimi ningewaita wote kabla ya Mei nikawaambia: miezi mitatu hii hakuna posho, kabisa. Kilichopo ni uwanja, mipira na maji. Mwenye kibarua aende kibaruani bila kuogopa kwamba atapoteza namba yake, na siku mbili kwa wiki tukutane kwa atakayeweza. Halafu daftari la mapato na matumizi akabidhiwe nahodha, alisome yeye, si mimi. Kijana akijua hakuna, anajipanga. Akiambiwa ipo na haipo, anaanza kuwaza nani kaila.


Mwana Kibirizi (Kigoma)

Hilo la daftari kwa nahodha nalichukua. La kumhakikishia mtu namba yake akienda kibaruani, wale waliobaki mazoezini hawatalalamika?


Mleta uzi

Watalalamika, na wana haki. Ndiyo maana liamuliwe na wachezaji wenyewe kwenye kikao, tena kabla ya mtu yeyote kuondoka. Kwetu walikubaliana kwamba anayerudi anaanzia benchi mechi ya kwanza, baada ya hapo anapigania namba sawa na wengine. Sheria ile waliitunga wao, ikawakolea kuliko ambavyo ingetoka kwangu.


Mama wa kipa

Mimi si mtaalamu wa mpira, nasoma tu kwa sababu mwanangu anadaka kwenye timu ya mtaa hapa Tabora. Naomba niseme kidogo wanangu. Timu ikifungwa, aibu haimpati yeye peke yake. Nauza mchicha na nyanya sokoni, na juzi mtu mzima kabisa, mwenye ndevu, alisimama mbele ya meza yangu akaniambia mwanao ametuuza. Nilinyamaza. Nilipofika nyumbani nikamkuta amelala tangu mchana, hataki kula. Hakuna kiongozi aliyekuja. Walipokuwa wanamtaka walikuja watatu, wamevaa vizuri, wananiita mama mama. Nilikuwa nataka hata mmoja aje siku ile.


Mleta uzi

Shikamoo mama. Pole sana, na ahsante kwa kuandika.

Viongozi wenzangu, someni bandiko la huyu mama mara mbili. Kipa ndiye anayebeba matokeo kuliko mchezaji mwingine yeyote, na akishapoteza imani hakuna wa kumpigia pasi ya kumtuliza. Mpira unaofuata unakuja moja kwa moja golini. Siku kipa anapokosea, jioni ile ile mtu wa timu afike kwao. Si kuongelea bao. Kukaa, kusalimia wazazi, na kabla ya kuondoka kumwambia kijana mbele ya mama yake kwamba Jumanne anasubiriwa. Hilo la mbele ya mama yake lina uzito, kwa sababu kesho sokoni mama naye anakuwa na la kujibu.

Mama, kama kijana bado ana moyo wa kudaka, mwambie aje mazoezini hata kama hajaitwa. Na yule mtu wa sokoni hana ushahidi wowote. Angekuwa nao angeupeleka panapohusika, asingekuja kuumwaga mezani kwako.


Msoma historia

Mleta uzi, umenikumbusha babu zetu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kwenye misafara ya karne ya 19 kati ya Unyanyembe, yaani huku Tabora, na Pwani. Mzigo wa kilo 30 hivi begani, mbuga, kiu, homa, wiki nyingi za mwendo. Hiyo ndiyo timu iliyopita kwenye wakati mgumu! Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, na ngoma na nyimbo zilikuwa sehemu ya safari. Lakini ninalotaka kulileta ni la nyuma. Wanyampara, wale wakubwa wa vikundi, mara nyingi walitembea mkiani mwa msafara, kwa wagonjwa na waliochoka, ili asibaki mtu porini na mzigo wake. Hoja yako ya benchi, wazee walikuwa wanaiishi kwa miguu.


Mleta uzi

Nimeipenda sana hii, mkuu. Nitamsomea nahodha wangu, maana yeye kila siku anataka kuwa wa mbele kwenye mbio za kupasha mwili, na kuna vijana wawili wanaoachwa nyuma kila mara.


Kocha wa Nzega

Nachangia kwa upande wa ukali, kwa sababu naona uzi unaegemea upole. Nimefundisha timu za daraja la chini muda mrefu. Kuna mchezaji ambaye hata umwite pembeni, umpe wali, umtembelee kwao, bado ni sumu. Huyo nasema aondoke, na timu itapumua. Pili, imani isiwe ya kudanganyana. Ukiwa mkiani, zimebaki mechi tatu, unawaambia nini vijana? Kwamba tutashinda zote? Hawatakuamini, na baada ya hapo hawatakuamini kwa lolote.


Mleta uzi

Kocha, kwa la kwanza nakubaliana nawe, ila kwa mpangilio. Mchezaji akihoji, asikilizwe hata akiwa na maneno makali. Mara nyingi ndiye anayesema ambacho wenzake wameogopa. Akigoma kumsaidia mwenzake uwanjani, au akitangaza siri za timu kwa wapinzani, huyo aondoke, tena aondolewe mchana kweupe na sababu wote waisikie. Kumwacha kimya kimya asafiri na timu huku humpangi ndiko kunakozaa sumu unayoisema.

La pili ni swali zuri, na jibu langu nalitoa kwa Taifa Stars. Novemba 2018 tulifungwa na Lesotho 1-0 kule Maseru. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa. Ndoto ya AFCON ilionekana imekufa. Lakini ukiweka matusi pembeni ukachukua karatasi, hesabu ilikuwa bado inaruhusu: sisi tuifunge Uganda, na Lesotho wasishinde Cape Verde. Machi 24, 2019 tukaifunga Uganda 3-0, Msuva, Nyoni na Aggrey Morris, Lesotho wakatoka sare kule, na tukaenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Ndivyo ninavyowaeleza vijana. Nachora msimamo wa ligi ubaoni, mbele yao, bila kuficha pointi hata moja. Nawauliza: hapa kipi kiko miguuni kwetu na kipi kiko kwa wengine? Tunafuta cha wengine. Mara nyingi kinachobaki ni mechi moja ya Jumamosi. Siwaambii tutashinda zote tatu. Nawaambia kwamba tukishinda hii, wiki ijayo karatasi hii itakuwa bado na maana. Na ikitokea hesabu imefungwa kabisa, tumeshuka, nawaambia pia, siku hiyo hiyo, kisha tunazungumza nani atapata dakika za kucheza kwenye mechi zilizobaki. Hapo wa benchi anapata siku zake, na ukiwa mwangalifu timu ya msimu ujao unaanza kuiona hapo hapo.


Kocha wa Nzega

Hapo sawa. Ubao nitaununua.


Wa benchi

Samahani wakuu kwa kuchelewa kuingia. Mimi ni mchezaji, winga, miaka 19, timu ya mtaa hapa hapa Tabora, sitaitaja. Msimu huu nimeingia dakika za mwisho tu, nyingine nimekaa mwanzo mwisho. Timu inafungwa na sichezeshwi. Ninaloliona baya ni kwamba juzi tulipofungwa nilijikuta sijaumia. Nilifurahi kidogo, kwamba labda sasa wataniona. Nimesoma uzi wote nikajisikia vibaya. Nifanyeje, niache?


Mleta uzi

Mdogo wangu, usiache, na usijichukie. Ulichokieleza wachezaji wengi wanakijua, ila ni wachache wenye ujasiri wa kukiandika. Furaha ile ndogo imekuja kwa sababu hujui kwa nini huchezi, kwa hiyo umebaki kusubiri wenzako waharibu ili mlango ufunguke. Dawa ni kujua.

Jumanne mazoezi yakiisha, wakati vifaa vinakusanywa, msaidie mtunza vifaa kwanza, halafu mfuate kocha akiwa peke yake. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote. Usimuulize kwa nini hakupangi. Swali hilo litamfanya ajitetee. Muulize hivi: "Mwalimu, nataka kucheza. Ni kitu gani kimoja nikifanyie kazi wiki hii, ili Ijumaa unitazame?" Akikutajia, kifanye hadi wenzako wachoke kukuona. Akijibu ovyo, au akikwambia ni mbinu tu, nenda kwa nahodha umwombe awe nawe Ijumaa mnapomwuliza tena. Na Jumamosi aliyechukua namba yako akitoka amechoka, mpokee kwa maji wewe mwenyewe, umwambie ulichokiona kwa beki anayemkaba. Wewe umekaa dakika zote ukimtazama beki yule. Habari hiyo hana mtu mwingine.

Kocha wa Nzega na mkuu wa Kibirizi nao watakuwa na la kukuongezea. Ukishaongea na mwalimu wako rudi hapa utuambie alikutajia kitu gani, tukusaidie namna ya kukifanyia mazoezi.